Nyumba ya Urithi: Tengeneza Haki Kabla ya Kuta



Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Katika Suratun-Nahl, Mwenyezi Mungu ameitaja nyumba miongoni mwa neema zake, kwamba ameijaalia kuwa mahali pa utulivu kwa waja wake. Neno la kuzingatia hapo ni utulivu. Nyumba inapovuja, au kuta zake zinapomeguka, au ndugu waliorithishwa nyumba hiyo wanapoacha kusemezana kwa ajili yake, neema hiyo huwa imepungua, hata kama mlango wa mbele umenakshiwa vizuri.

Wiki hii twazungumza juu ya kuikarabati nyumba ya zamani kwa ukamilifu wake, hasa nyumba za mawe walizotuachia wazee wetu, kuanzia Lamu na Siyu hadi Mji wa Kale wa Mombasa. Familia nyingi huianza kazi hii kwa kumwita fundi. Fundi ana heshima yake, lakini katika safu yeye ni mtu wa tatu. Wa kwanza ni wenye nyumba, na wa pili ni wakaao ndani yake.

Nyumba ni ya nani?

Nyumba nyingi za zamani hazina mwenyewe mmoja. Babu alifariki na nyumba haikugawanywa. Baba naye akafariki na haikugawanywa. Leo wajukuu wengine wamo ndani, wengine wako Nairobi na wengine Ghuba, na hati bado ina jina la marehemu wa kwanza. Kila mmoja huiita "nyumba yetu", na neno hilo ni tamu mpaka siku ya kutoa fedha.

Tuchukue mfano. Mtu amefariki, wazazi wake walimtangulia, hakuacha deni wala wasia, ila ameacha mke, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Mke ana thumuni, yaani moja ya nane. Kinachobaki ni cha watoto, mwanamume akipata mafungu mawili na mwanamke fungu moja. Nyumba ikigawanywa mafungu 40, mama ana 5, kila mwana wa kiume ana 14 na binti ana 7. Ikiwa nyumba imethaminiwa kwa shilingi milioni 8, fungu la mama ni shilingi milioni 1, la kila mwana wa kiume ni milioni 2 na laki 8, na la binti ni milioni 1 na laki 4. Hayo si hisani ya kaka kwa mama na dada yake. Ni mali yao, waliyopewa na Mola wao katika Suratun-Nisaa.

Sasa kaka mkubwa, kwa nia njema kabisa, aliezeka paa na kutia mabomba mapya kwa shilingi milioni 1 na nusu. Hapakuandikwa lolote. Miaka 10 baadaye dada yao amefiwa na mumewe, ana watoto wa kulea, na anataka fungu lake. Kaka asema, "Lau si mimi, nyumba hii ingekuwa kifusi." Dada ajibu, "Na wewe umekaa humo miaka 10 bila kutulipa kodi." Kila mmoja ana hoja, na hakuna mwenye shahidi. Paa limesalimika, na udugu ndio ulioanguka.

Dawa yake ni ndogo, nayo ni kuketi kabla ya jiwe la kwanza kuguswa na kuandika fedha hizo ni za namna gani. Njia ni nne. Ya kwanza, warithi wote wachangie kwa kadiri ya mafungu yao: mwenye fungu kubwa atoe zaidi, mwenye dogo atoe kidogo. Ya pili, mwenye uwezo atoe kuwa hiba, na aandike kwa mkono wake kwamba ametoa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu na hatadai. Ya tatu, atoe kuwa mkopo kwa wenzake, kila mmoja adaiwe sehemu yake, na deni lirudi kama lilivyo bila ziada, kwa muda uliotajwa. Ya nne, anunue sehemu ya fungu la ndugu asiye na fedha, kwa bei ya thamani ya siku hiyo, ili mafungu yake yaongezeke kwa halali na ya ndugu yake yapungue kwa ridhaa. Njia yoyote katika hizo ni njema. Kunyamaza ndiko kusiko kwema, kwa sababu atoaye bila idhini ya wenzake huenda akahesabiwa kuwa amejitolea, hata kama moyoni hakukusudia hivyo.

Pana mambo mawili zaidi. Ikiwa miongoni mwa warithi yumo mtoto mdogo, hakuna awezaye kulisamehe wala kulitoa hiba fungu lake, si mama wala ami. Mali ya yatima yachungwa mpaka akue. Na ikiwa nyumba ni wakfu, haiuzwi wala hairithiwi, na mapato yake, kama yapo, hutangulizwa kwenye matengenezo yake kabla ya kugawiwa wanufaika. Pasipopatikana maelewano, Mahakama ya Kadhi imetambuliwa na kifungu cha 170 cha Katiba ya mwaka 2010 katika mambo ya mirathi kwa Waislamu wanaoridhia hukumu yake. Kwenda kwa Kadhi kabla ya ujenzi si uadui. Uadui mara nyingi huletwa na kwenda baada yake.

Waulizwe wakaao ndani

Mara nyingi mwenye kutoa fedha yuko mbali, na mwenye kuijua nyumba ni mama apikaye humo kila siku. Yeye ndiye ajuaye ni ukuta gani hutoa jasho wakati wa masika, ni ngazi gani imemwangusha nyanya, na moshi wa jikoni huelekea wapi upepo wa kusi ukivuma. Kuchora ramani ya nyumba bila kumuuliza yeye ni sawa na kushona kanzu bila kupima mabega. Basi akina mama, andikeni. Chukueni daftari, mpite chumba kwa chumba, na mtaje kinachovuja, kinachonuka, kinachoteleza, na kisichofikiwa na upepo.

Mzee au mgonjwa aliyemo atangulizwe katika mpango. Chumba cha chini na choo kilicho karibu, chenye sakafu isiyoteleza na kishikio ukutani, ni wema wa kweli kwa wazazi kuliko sebule mpya ya wageni.

Akiwamo mjane katika eda, subirini. Eda ya aliyefiwa na mume asiye mjamzito ni miezi minne na siku kumi, na ya mjamzito ni mpaka ajifungue. Katika muda huo yapasa akae katika nyumba aliyokuwa akiishi na mumewe. Warithi wasimhamishe kwa kisingizio cha rangi na vigae. Ikiwa paa lahofiwa kumwangukia, hiyo ni dharura na ana ruhusa ya kuhama. Yasiyo dharura yangojee.

Ijue nyumba kabla ya kuitibu

Nyumba zetu za kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, kwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayohayo, na dari zake zimelazwa juu ya boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliowafanya wazee wajenge vyumba vyembamba na virefu, kwani boriti haikufaa kuvuka nafasi pana ya zaidi ya mita 3 hivi. Kuta ni nene, nazo hunywa unyevu na kuutoa. Chokaa huuacha unyevu upite, saruji huuzuia. Ndiyo maana ukuta wa matumbawe uliopakwa plasta ya saruji hupendeza mwanzo, kisha maji hufungika ndani, chumvi husukuma kwa nyuma, na plasta huvimba na kuanguka vipande vipande. Mwenye nyumba hudhani fundi alimwibia, naye fundi huenda alifanya kazi safi kwa kitu kisichofaa.

Kwa hiyo, mahali penye chokaa rudisheni chokaa. Iwe imezimwa kwa maji na kuachwa ilainike kwa majuma kadhaa kabla ya kutumiwa. Mchanga usiwe wa ufuoni wenye chumvi. Na shimo la kuzimia chokaa lifunikwe na kuzungushiwa ua, kwani chokaa inayozimwa huchemka na yaweza kumpofua mtoto.

Kagueni mambo manne. Kwanza, maji: yanaingia wapi na yanatoka wapi? Sehemu kubwa ya maradhi ya nyumba ya zamani huanzia kwenye paa linalovuja, mfereji uliopasuka, au bomba la choo linalochuruzika ndani ya ukuta. Pili, nyufa. Wazee wametuusia kuziba ufa tusije tukajenga ukuta, lakini kabla ya kuziba yafaa kujua ufa umelala au unatembea. Tieni alama ya kalamu kwenye ncha zake, andikeni tarehe, na mtazame baada ya miezi mitatu. Ukiwa umerefuka, huo si wa plasta, mwiteni mhandisi. Tatu, boriti: zigongwe, na zichunguzwe ncha zake zilizoingia ukutani, maana huko ndiko mchwa na unyevu huzila bila kuonekana. Nne, waya za umeme. Waya za zamani hazikuwekwa kwa ajili ya friji, pasi, mashine ya kufulia na kipoza hewa kwa pamoja.

Tahadharini na uzito. Lita 1,000 za maji ni kilo 1,000, yaani tani moja kamili. Tangi la namna hiyo likiwekwa katikati ya dari ya boriti za miaka mingi, familia imelala chini ya hatari. Na paa likiwa la mabati ya asbestosi, yaliyotumika sana zamani, msiyavunje wala kuyakata, kwa kuwa vumbi lake hudhuru mapafu. Kuyaondoa ni kazi ya wenye leseni kutoka mamlaka ya mazingira.

Utaratibu wa kazi

Kanuni ni fupi: anzeni juu, maliza kwa kinachoonekana. Wengi hufanya kinyume. Hununua vigae na makochi kwanza, kisha mvua ya masika huja na kuonyesha kilichosahauliwa.

Hatua ya kwanza ni paa, mifereji na milizamu. Hatua ya pili ni mifupa ya nyumba: kuta, boriti na ngazi. Boriti zilizooza zibadilishwe chache chache, na dari iegemezwe kwa nguzo wakati wa kazi. Mikoko hukatwa kwa kibali, basi ulizeni muuzaji ameipata wapi. Hatua ya tatu ni mabomba, maji taka na waya za umeme, yote kabla ya plasta, ili ukuta usipasuliwe mara mbili. Hatua ya nne ni plasta na sakafu. Hatua ya tano ni milango, madirisha, makabati ya jikoni na rangi. Milango ya kale na zidaka za ukutani zifunikwe vizuri mapema, zisigongwe na mikokoteni ya kifusi. Kilichochongwa na mababu hakinunuliki dukani.

Wakati nao ni sehemu ya mpango. Vuli ikiisha, majira ya kaskazi hutupa ukavu wa Januari na Februari kabla ya masika kushika kasi. Huo ndio muda wa kufungua paa. Tazameni pia kalenda ya Hijria, msije mkawa hamna jiko katika mwezi wa Ramadhani. Familia isiyo na mahali pa kuhamia yaweza kuigawa nyumba sehemu mbili, ikaishi upande mmoja huku mwingine ukitengenezwa, mradi choo kimoja na pahala pa kupikia vibaki vikitumika na watoto wasikaribie vumbi.

Mkibadilisha vyoo, kumbukeni kibla. Kutoka Mombasa, Makka iko kaskazini kwa karibu unyoofu kabisa. Ingawa wanazuoni wa madhehebu ya Shafii wamelegeza jambo hili ndani ya jengo, adabu ni kutoielekea kibla wala kuipa mgongo. Basi choo cha kukalia kielekezwe mashariki au magharibi. Ni jambo lisilogharimu kitu likisemwa kabla, na ghali likisemwa baada ya saruji kukauka.

Jirani na serikali

Katika miji yetu ya kale ukuta mmoja mara nyingi hubeba nyumba mbili. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume (s.a.w.) amekataza jirani kumzuia jirani yake kuegemeza mbao kwenye ukuta wake. Huo ni ukarimu tulioamrishwa upande mmoja. Upande wa pili ni kutomdhuru. Mpelekeeni jirani habari kabla ya nyundo, mwambieni siku za kelele, na kagueni pamoja nyufa za upande wake zilizokuwapo tangu zamani, ili baadaye pasiwe na kulaumiana. Kifusi kisizibe njia wala mtaro.

Sitara ndiyo iliyowaongoza wazee wetu. Daka la mlangoni liliwekwa ili mgeni apokewe bila jicho lake kufika ndani, na madirisha yalipandishwa juu. Mwenye kuongeza ghorofa leo na kufungua dirisha pana linalotazama ua wa jirani amejipatia hewa kwa kuwavua wanawake wa nyumba nyingine stara yao. Dirisha linaweza kuinuliwa, au kutiwa kimia cha mbao. Hewa itaingia, na jicho litabaki nje.

Ama serikali, Mji Mkongwe wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, na Mji wa Kale wa Mombasa ni eneo la uhifadhi kisheria. Humo haibomolewi wala haiongezwi ghorofa kwa hiari ya mtu tu. Nendeni kwanza kwenye ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makavazi ya Taifa, kisha kaunti. Ofisi hiyo si ya kukataza tu. Huko waweza kuuliza habari za chokaa, na za mafundi waijuao kazi ya zamani.

Fedha na mkataba

Gawanyeni kazi katika mafungu matatu: ya lazima, ambayo bila yake kuna hatari, ya haja, ambayo huleta wepesi, na ya pambo. Fungu la kwanza likiwa halijatimia, la tatu lisitajwe. Katika nyumba ya zamani tengeni pia shilingi 15 hadi 20 katika kila 100 kwa yasiyotarajiwa, kwani hakuna ajuaye kilicho ndani ya ukuta mpaka ufunguliwe. Mwenye bajeti ya shilingi laki 10 apange kazi ya laki 8 na aweke akiba laki 2.

Fedha zikipungua, msikimbilie riba. Fanyeni kazi kwa awamu: mwaka huu paa, mwaka ujao mabomba. Paa zima juu ya kuta zisizo na rangi ni afadhali kuliko rangi mpya chini ya paa bovu. Vyama vya akina mama vyaweza kukopeshana mkopo mwema. Zipo pia benki zifuatazo sharia nchini tangu mwaka 2008. Katika murabaha benki hununua vifaa na kukuuzia kwa bei na faida inayojulikana. Hakikisheni kwamba benki imevimiliki vifaa kwanza ndipo ikauza, na kwamba bei haiongezeki mkichelewa.

Kisha andikeni mkataba na fundi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul-Baqara, inahusu kuandikiana na kushuhudiza katika madeni. Kusema tu "nitengenezee nyumba kwa laki 6" ni kuingia katika ujahili wa kazi na bei, na humo ndimo ugomvi huzaliwa. Taja kazi, vifaa na aina yake, nani atanunua, kazi itaisha lini, na nani ataondoa kifusi. Malipo yaende na hatua zilizokamilika. Fundi asipewe yote mwanzoni, na wewe usimzungushe mwishoni, kwani tumeamrishwa kumlipa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Mkataba wakae nao watu wawili au zaidi wa familia, na risiti ziwekwe pamoja na ile karatasi ya warithi.

Karatasi hiyo ndiyo msingi wa kazi yote. Kabla ya mkutano wa familia ujao, chukueni kalamu muandike majina ya warithi wote, walio hai na waliofariki na watoto wao, wanawake kabla ya kusahauliwa. Ikiwa hesabu ya mafungu yawashinda, mpelekeeni Kadhi au mwanachuoni mnayemwamini. Nyumba inaweza kusubiri mwezi mmoja. Dada aliyenyimwa haki yake hana mahali pa kuidai tena hapa duniani mkishaiuza, nanyi mtaikuta dai hiyo siku ambayo hakuna shilingi wala hati.

Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu ziwe za utulivu, awarehemu walioturithisha, na atuwezeshe kuwarithisha wanetu nyumba isiyo na ufa na udugu usio na ufa. Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.